Santuri Iliyotengenezwa Nyuma ya Nyumba

Mwaka 1970, watu wa muziki walipokuwa wameshughulika na habari za kuvunjika kwa kundi la The Beatles, na wengine wakibishana kwa hamaki ni nani kati ya wale vijana wanne wa Liverpool aliyestahili kulaumiwa, palikuwa na kijana mmoja wa Kimarekani, umri wake miaka 20, aliyejifungia katika kibanda nyuma ya nyumba ya wazazi wake, mjini Hawthorne, katika jimbo la California, akipiga ngoma peke yake, kisha akiziacha ngoma na kushika gita, kisha piano, kisha gita la besi, na mwishowe akiimba sauti ya kwanza, ya pili na ya tatu juu ya kazi ya mikono yake mwenyewe. Jina lake Emitt Rhodes. Santuri aliyoitoa kibandani humo, ya kwanza kuitengeneza bila ya bendi, haikupewa jina jingine ila hilo lake, nami naihesabu miongoni mwa kazi zilizokamilika kabisa katika muziki wa Marekani wa zama zile. Habari yake yafaa kujulikana hata na mtu ambaye hajapata kuisikia, kwa kuwa ndani yake yaonekana waziwazi jinsi sanaa inavyodai wasaa, na jinsi biashara inavyoweza kununua matunda ya wasaa huo kwa furaha na papo hapo ikauharimisha.

Muziki wenyewe huitwa power pop, jina ambalo Pete Townshend wa kundi la The Who alilitumia mwaka 1967 alipoulizwa muziki wao ni wa namna gani, na ambalo baadaye waandishi wa magazeti walilichukua na kuwavika wengi ambao hawakuliomba. Maana yake ni nyepesi kufahamika kuliko inavyodhaniwa. Ni wimbo mfupi, aghalabu wa dakika tatu au pungufu, wenye mahadhi yanayomkaa mtu kichwani tangu mara ya kwanza, ulioimbwa kwa sauti kadhaa zinazokubaliana, huku magita ya umeme yakilia kwa nguvu na ngoma zikipigwa kana kwamba wimbo huo mtamu ulikuwa wa vita. Ukiiondoa nguvu hubaki utamu mtupu ambao husinya upesi, na ukiuondoa utamu hubaki kelele. Ustadi wote wa sanaa hii umo katika kuviweka viwili hivyo pamoja, wala kimoja kisikimeze chenzake. Zaidi ya hayo, na hili ndilo ninalolipenda kuliko yote, wapo watungaji wa namna hii ambao lahani yao hucheka wakati maneno yao yanalia, hata msikilizaji akajikuta amekwisha kuitikia kiitikio mara tano kabla ya kutanabahi kwamba anayeimba ni mtu aliyeachwa na mpenzi wake na hajui la kufanya.

Baada ya The Beatles kuondoka, muziki huu ulikuwa na watu wake: Badfinger huko Uingereza, Raspberries mjini Cleveland, na Big Star wa Memphis, ambao santuri yao ya kwanza ya mwaka 1972 haikuuzwa ilhali leo yasifiwa kila mahali. Hao wote walikuwa makundi. Rhodes alikuwa mtu mmoja.

Alizaliwa tarehe 25 Februari 1950 mjini Decatur, jimbo la Illinois, na wazazi wake wakahamia Hawthorne angali mdogo. Hawthorne ni kitongoji cha Los Angeles kilichokuwa wakati ule na nyumba za watu wa kawaida na viwanda vya ndege, na ni mji ule ule walikokulia ndugu watatu wa ukoo wa Wilson waliounda The Beach Boys, kwa hiyo kijana aliyeota kutoka kimuziki hakuwa na haja ya kutazama mbali kutafuta mfano. Alianza na ngoma. Akiwa bado mvulana wa shule alikuwa mpiga ngoma wa kundi la The Palace Guard, lililokuwa likipiga katika kumbi za Los Angeles. Mwaka 1966 akatoka huko, akaziacha ngoma, akashika gita, akawa mwimbaji na mtungaji wa kundi jipya lililoitwa The Merry-Go-Round. Wimbo wao wa mwaka 1967 ulipendwa sana Los Angeles, ijapokuwa haukufika mbali katika nchi nzima, na kampuni ya A&M ikawatolea santuri. Haikupita muda ila tungo zake zilikwisha kuvuka bahari: kundi la Fairport Convention la Uingereza lilichukua moja na kuiweka mwanzoni kabisa mwa santuri yao ya kwanza, mwaka 1968. Mtungaji wa wimbo ule hakuwa ametimiza miaka 19.

Mwaka 1969 kundi likavunjika. Rhodes alikuwa bado anadaiwa nyimbo na A&M, akazirekodi nyingine pamoja na wanamuziki wa kukodi katika studio, na kampuni ikaziweka kabatini. Nawaomba wasomaji wazikumbuke nyimbo hizo za kabatini, maana zitarudi baadaye kumletea madhara.

Hapo ndipo alipoingia kibandani, na ili kazi aliyoifanya ieleweke hapana budi tukitazame chombo alichokitumia. Katika siku za kwanza za santuri, waimbaji na wapigaji wote walikusanyika mbele ya chombo kimoja cha kunasa sauti, wakapiga wimbo mzima kwa pamoja, na aliyekosea aliwakosesha wote. Mambo yalibadilika kidogo kidogo baada ya Vita Kuu ya Pili, ulipoenea utepe wa sumaku, na mpiga gita wa Kimarekani, Les Paul, akawa miongoni mwa waliong'ang'ania kutafuta njia ya mtu mmoja kujirudufisha akawa bendi nzima. Kampuni ya Ampex ya California ikamtengenezea mashine ambayo utepe wake mpana uligawanywa njia nane, kila njia ikinasa sauti yake mbali na nyingine, naye akaipokea mwaka 1957. Siri ya mashine za namna hii imo katika kile kichwa cha sumaku kinachogusa utepe. Zamani palikuwa na kichwa cha kunasia na kichwa cha kusikilizia, kimoja mbele ya chenzake, hata mtu akitaka kupiga huku akisikiliza alichokipiga jana, sauti ya jana ilimfikia imechelewa kwa sehemu ya nukta, na sauti mbili hizo zisingepatana kamwe. Mafundi wa Ampex walivumbua njia ya kukifanya kichwa cha kunasia kiweze kusikilizia pia, kwenye njia zilizokwisha kujazwa, ndipo mpigaji akaweza kwenda sambamba na nafsi yake.

Mashine ya Rhodes ilikuwa ya njia nne tu. Njia nne hujaa upesi: ngoma, besi, piano na gita, na mwimbaji hajafungua kinywa. Mwenye mashine ndogo kama hiyo hulazimika kuzichanganya sauti alizokwisha kuzinasa na kuzihamishia kwenye njia moja au kwenye utepe mwingine, ili apate nafasi tupu ya kuendelea, na kila uhamisho una bei mbili. Bei ya kwanza ni uvumi wa utepe wenyewe, mfano wa upepo wa mbali, ambao huongezeka kila sauti inaponakiliwa. Bei ya pili ni kubwa zaidi: sauti zilizokwisha kuchanganywa hazichanganuliki tena, na kama besi ilizidi ngoma siku ile, itazizidi milele. Kwa hiyo anayefanya kazi hivi yampasa ausikie wimbo mzima akilini mwake kabla ya kugusa chombo cha kwanza, kama msusi wa mkeka anayesuka ukili wake mmoja mmoja kwa siku nyingi, na akajua tangu mwanzo rangi ipi itaangukia wapi siku ya kuushona.

Kisha pana tatizo la mizani, ambalo wasikilizaji wachache hulifikiria. Wapigaji wanne walio chumbani pamoja hutazamana. Mmoja akikaza mwendo wenzake humfuata, mmoja akilegeza humvuta, na katika kuvutana huko ndimo unamozaliwa uhai ambao watu huja kuusikia. Aliye peke yake hana wa kumtazama. Hupiga piano akiwafikiria wapigaji ambao hawajaja, na siku ya pili huwa yeye ndiye wapigaji hao, akimfuata mtu aliyekuwa yeye jana. Santuri nyingi zilizotengenezwa na mtu mmoja hujulikana mara moja kwa ugumu wake, kwa sababu mwenyewe ni mpiga piano aliyejilazimisha kupiga ngoma, na ngoma hazikumkubali. Kwa Rhodes mambo yalikuwa kinyume, maana ngoma zilikuwa lugha yake ya kwanza. Isikilize besi yake inavyopanda na kushuka ikiimba mahadhi yake yenyewe chini ya mahadhi ya mwimbaji, na ngoma zinavyoiachia nafasi mahali pake hasa, nawe utaapa kwamba hao ni watu wawili waliozoeana miaka mingi.

Nyimbo ni 12, na zote pamoja hazidumu zaidi ya muda wa mtu kunywa kahawa yake kwa utulivu. Ule wa kwanza, "With My Face on the Floor", wafungua santuri kwa piano ya uchangamfu mkubwa, na ni wimbo wa mtu aliyedhalilishwa na mapenzi. Katika dakika chache hizo yamo yote niliyoyataja juu ya lahani inayocheka na maneno yanayolia. "Fresh as a Daisy" ndio uliotolewa pia katika sahani ndogo ya kuuzwa peke yake, nao ukafika nafasi ya 54 katika orodha ya Marekani. Mimi humpendekezea mgeni aanze na "Lullabye", ingawa ni mfupi mno na hauna ile nguvu ambayo muziki huu umepewa jina lake: gita na sauti tu, basi. Pale pasipo na ngoma wala magita ya umeme ya kumfichia mtungaji udhaifu, mtu husikia wazi kwamba lahani yenyewe ilikuwa nzima tangu mwanzo, na kwamba vile vyombo vingine vyote katika nyimbo 11 zilizobaki viliwekwa kuipamba, si kuisitiri.

Si kwamba hakusaidiwa kabisa. Kazi ya mwisho ya kuzichanganya sauti ilipitia mikononi mwa mafundi Curt Boettcher na Keith Olsen, na huyu Olsen ndiye aliyekuja kuirekodi santuri ya Fleetwood Mac ya mwaka 1975 iliyowapa umaarufu mpya. Lakini kila chombo na kila sauti iliyoimba ilikuwa ya Rhodes, na kampuni ya ABC/Dunhill ilipoinunua kazi hiyo na kuitoa mwaka 1970, ilinunua kitu kilichokwisha kuumbwa bila msaada wake. Mnunuzi aliyelipa fedha zake dukani hakuona tofauti. Santuri ikapanda hadi nafasi ya 29 katika orodha ya jarida la Billboard, jambo kubwa kwa kitu kilichotoka nyuma ya nyumba ya watu.

Wakosoaji walimfananisha na Paul McCartney, na ilikuwa vigumu wasimfananishe. Sauti zao zakaribiana, mapenzi yao kwa piano na besi inayoimba ni yale yale, na McCartney naye alikuwa ametoa mwezi Aprili wa mwaka huo huo santuri aliyoipiga peke yake, sehemu kubwa nyumbani. Nikizisikiliza mbili hizo moja baada ya nyingine, huiona ya McCartney kuwa ni daftari la mtu mkubwa aliyechoka, lenye vipande vizuri na vingine ambavyo havikumalizwa, na ya Rhodes kuwa ni kazi ya kijana ambaye hakuruhusu hata kipande kimoja kitoke mlangoni kabla ya kutimia. Hata hivyo sifa ile ilimdhuru. Watu waliokuwa wakiomboleza The Beatles walimpokea kama badali, na badali hupendwa kwa ajili ya yule aliyekosekana, si kwa ajili yake mwenyewe.

Dhara la pili lilitoka kabatini. A&M, walipoona jina la Rhodes linauza, walizitoa zile nyimbo za mwaka 1969 karibu wakati ule ule, katika santuri iliyoitwa The American Dream, na mnunuzi aliyeingia dukani akakuta santuri mbili mpya za mtu mmoja, za kampuni mbili, bila ya kujua ipi ni ipi. Nyimbo zenyewe si mbaya, na nyingine ni nzuri sana, lakini zilikuwa zimepambwa kwa vyombo vya watu wengine na kwa rai za watu wengine, na hazikuwa zile ambazo mtunzi alikuwa amezichagua kujitambulisha nazo.

Dhara la tatu ndilo lililoua, nalo halikuwa siri hata kidogo, kwa maana liliandikwa wino mweusi katika mkataba aliotia sahihi. Dunhill walimtaka alete santuri mpya kila baada ya miezi sita. Sharti kama hilo, kwa desturi za wakati ule, halikuwa geni. The Beatles wenyewe walitoa santuri ndefu mbili kwa mwaka nchini Uingereza katika miaka ya 1963, 1964 na 1965. Lakini wao walikuwa wanne, watungaji wakuu wawili, na nyuma yao alisimama mtayarishaji wao George Martin pamoja na mafundi na studio nzima ya kampuni ya EMI, hata kazi ya mwimbaji ikawa ni kufika, kuimba na kwenda zake. Rhodes alikuwa mtungaji, bendi, waitikiaji na fundi wa mitambo. Hata akikamilisha kupiga ngoma za wimbo mmoja, anayengojea zamu ya kupiga piano ni yeye, na anayengojea kurudisha utepe nyuma ni yeye. Ile santuri ya kwanza Dunhill waliipenda kwa sababu ilikuwa imetulia na kukamilika, na utulivu ule ulipatikana kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyegonga mlango wa kibanda. Walichokinunua kilikuwa wakati. Kisha wakamwandikia mkataba usiokuwa na wakati ndani yake.

Santuri ya pili, Mirror, ilitoka mwaka 1971, imechelewa kwa hesabu ya mkataba. Kampuni ikamshtaki, ikidai dola 250,000, na ikamzuilia mrabaha wake, yaani fungu linalomstahiki mtungaji kwa kila nakala inayouzwa. Santuri ya tatu, Farewell to Paradise, ilitoka mwaka 1973, nayo ni ya mtu aliyechoka, ingawa ndani yake zimo nyimbo ambazo wengine wangetamani kuzitunga wakiwa katika nguvu zao. Baada ya hapo akanyamaza. Alikuwa na miaka 23. Naandika haya kwa uchungu, wala sioni sababu ya kuuficha: hapakuwa na ulevi wala ajali, sababu ambazo hutajwa sana vipaji vya vijana vinapokatika, palikuwa na kifungu cha mkataba, na watu wazima wenye elimu ya sheria waliokisoma, wakamtazama kijana aliyekuwa akifanya kazi ya watu watano, wakaona kwamba ni mvivu.

Aligeuka kuwa fundi wa kurekodi wengine, na nyimbo zake zikaendelea kutembea bila yeye. Linda Ronstadt aliimba mmoja mwaka 1971, na mwaka 1984 wanawake wa kundi la The Bangles, waliokulia katika muziki ule ule wa Los Angeles, waliuchukua ule wimbo wa Merry-Go-Round uliopendwa mwaka 1967. "Lullabye" ukasikika katika filamu ya The Royal Tenenbaums ya mwaka 2001. Mwaka 2009 Mwitalia Cosimo Messeri alitengeneza filamu ya maisha ya Rhodes, ambayo jina lake linamwita Beatles wa mtu mmoja.

Ama ile njia aliyoifuata, ilikwisha kuwa barabara kuu. Todd Rundgren alipiga peke yake pande tatu kati ya nne za Something/Anything? mwaka 1972, Prince akafanya hivyo hivyo katika santuri yake ya kwanza mwaka 1978, na katika power pop hasa, Jason Falkner alipoachana na makundi na kutoa santuri yake ya kwanza mwaka 1996, alipiga karibu vyombo vyote mwenyewe. Leo kijana yeyote mwenye kompyuta chumbani ana njia za kunasia sauti zisizo na idadi, asizozihofia kujaa, wala hana uvumi wa utepe unaoongezeka kila anaponakili. Sisemi kwamba nyimbo zimekuwa bora kwa ajili hiyo. Yule aliyejua kwamba sauti zikichanganywa hazitachanganuliwa tena alilazimika kuamua, na uamuzi wake wasikika katika kila mlio.

Falkner huyo ni miongoni mwa wanamuziki waliokwenda kupiga katika santuri ya nne ya Rhodes, Rainbow Ends, iliyotolewa mwaka 2016 chini ya usimamizi wa Chris Price, miaka 43 baada ya ile ya tatu. Waliokuwapo pia ni Jon Brion, Aimee Mann, na Susanna Hoffs wa The Bangles. Safari hii mzee aliwaacha wengine wapige, naye akaimba kwa sauti iliyozama na kukwaruza, isiyotafuta tena kufanana na ya mtu yeyote. Alifariki tarehe 19 Julai 2020, akiwa na miaka 70.

Kazi zake za ujana zilikusanywa mwaka 2009 katika mkusanyo mmoja, The Emitt Rhodes Recordings 1969–1973, zikapangwa kwa taratibu zilivyotengenezwa: kwanza The American Dream, kisha ile yenye jina lake, kisha Mirror, kisha Farewell to Paradise. Aliyeupata amsikilize Rhodes kwa taratibu hiyo hiyo. Atamsikia kwanza kijana anayesindikizwa na wapigaji wa kukodi, wenye adabu na ujuzi, ambao hawajui wimbo unakwenda wapi; kisha, katika wimbo wa kwanza wa ile santuri yenye jina lake, atasikia piano, ngoma na besi zikiingia pamoja, na zote tatu zajua.